Damu Iliyosimamisha Jua

Kuna swali ambalo Mwanakheri hakuwahi kuulizwa na mtu, na kwa kuwa hakuulizwa alidhani halipo. Mwili wa mwanamke, ukishamaliza kuzaa na kunyonyesha, huwa wa nani? Watoto wameshapita humo kama wageni wanavyopita mlangoni, hawakugeuka kutazama kizingiti. Mume ameshauzoea hata hauoni tena. Mwenyezi Mungu anausubiri, lakini Yeye hana haraka. Basi hapo katikati, baina ya kazi kwisha na kaburi kufunguliwa, nani anaushika?

Katika mji ule jibu lilikuwepo kabla ya swali. Mji haukuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka nje yake akahitaji kuutaja. Damu ya mwanamke ikikoma, makungwi humjia asubuhi wamevaa kanga mpya. Humkalisha kwenye kigoda, humvua shanga zake za kiunoni, huzisuuza kwa maji ya marashi na kumpelekea biharusi yeyote anayengoja. Siku hiyo hiyo mume huhamishia godoro lake ukumbini. Tangu hapo mwanamke huhesabiwa kuwa mtu wa kuanzia kiunoni kwenda juu. Ana kinywa cha kuombea dua wajukuu, ana mikono ya kupikia, ana kifua cha kulaza vichwa vya watu wenye misiba. Chini ya hapo hana kitu. Hakuna wa kumuuliza habari za huko, naye hana ruhusa ya kujibu.

Mwanakheri alivuliwa shanga zake bila kulia. Aliyemvua alikuwa Bi Mize, kungwi wake yule yule aliyemfunga alipokuwa mwari wa miaka kumi na minne, akamfunda ndani. Bi Mize alikuwa kongwe sasa, magoti yake yakilia kama bawaba anapoinuka, lakini bado alimwita Mwanakheri "mwari wangu", na Mwanakheri, mwenye wajukuu, bado aliitika "abee".

Baada ya shanga kuondoka, kitu kilimjia ambacho watu wa mji ule hawakuwa na jina lake. Walikuwa na majina ya homa zote, na ya mapele yote. Hawakuwa na jina la mtu anayeamka akakaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama miguu yake kana kwamba ni viatu vilivyosahauliwa na mgeni. Joto lilimpanda kifuani ghafla, akalowa jasho, kisha akaona baridi. Usingizi ulimhama. Wakati mwingine alikuwa akichambua mchele, akajikuta analia, na hana habari analilia nini.

Alimweleza Bi Mize. "Ndio utu uzima huo, mwari wangu," Bi Mize akasema. "Soma uradi."

Akasoma uradi. Msala wake ukawa chumba chake cha pili, na pale kwenye paji la uso palipogusa mkeka ndipo palikuwa mahali pekee pa mwili wake palipoguswa na kitu kwa mapenzi. Kwenye sijida alisema maneno ambayo hakuweza kumwambia mtu.

*Ya Rabbi. Umeniumba mzima. Mbona naishi nusu?*

*Ya Rabbi. Si utovu wa adabu. Nauliza tu.*

*Mkono. Nimeukumbuka mkono wa mtu begani. Hata ukiwa mzito. Hata ukiwa umelala.*

Kisha, baada ya miaka mingi ya ukavu, damu ikarudi.

Ilimjia asubuhi akiwa anakoroga unga wa mkate wa kumimina. Kabla ya hapo kiuno kilikuwa kimemuuma kwa miezi, maumivu ya chini, ya ndani, kama jiwe lililosahauliwa kwenye mfuko. Alipoiona damu hakufurahi. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Pale pembezoni mwa mji palikuwa na nyumba nyeupe iliyoitwa Nyumba ya Kuulizwa, ambako wanawake wenye mimba walikwenda kupimwa. Mwanakheri aliwahi kumsindikiza mkwe wake huko, na akiwa amekaa kwenye benchi alimsikia muuguzi akiwaambia waliokuwepo: "Damu ikishakoma kabisa, kisha ikarudi, msiikalie. Njooni. Huenda ni jambo dogo, huenda ni jambo kubwa, na hilo kubwa likiwahiwa hutibika." Wanawake walicheka na kutazamana. Maneno yale hayakuwa yao. Wao waliletwa na mimba. Lakini Mwanakheri alirudi nayo nyumbani bila kukusudia.

Sasa akamwendea Bi Mize, akamnong'oneza sikioni: "Nimeona damu."

Bi Mize alimtazama. Macho yake yaliyokuwa na ukungu yakang'aa. Hakumuuliza inauma wapi. Alirudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa, akapiga kigelegele kirefu hata njiwa wakaruka kwenye mapaa.

"Kisima kimerudi maji! Jamani, njooni mwone! Mwari wangu amerudi kuwa mwari!"

Na papo hapo jua likasimama.

Lilikuwa jua la saa nne asubuhi, na likabaki la saa nne. Unga wa mkate uliowekwa uumuke haukuumuka. Nguo zilizoanikwa zilibaki zinatona matone. Mwadhini, alipoona muda umekuwa mrefu, alipanda ngazi, akaweka kiganja sikioni kungojea adhuhuri, na hapo akabaki, kiganja sikioni, akingojea wakati ambao haukuja. Watu walikula, wakalala, wakaamka, wakala tena, na kivuli cha mtungi kilikuwa pale pale kwenye ufa ule ule wa sakafu.

Kisha wakaona jambo la pili, nalo ndilo lililowafanya wasitake kulijua la kwanza. Wakongwe walianza kurudi ujanani. Mvi zilirudi kuwa nyeusi kuanzia kwenye mizizi. Bi Riziki, jirani, alitupa mkongojo wake kisimani na kuusindikiza kwa matusi. Magoti ya Bi Mize yalinyamaza. Damu ya mwanamke mmoja ilikuwa imelishika jua kwa upindo wa nguo, na mji mzima ukawa unaliota.

Wakamwogesha Mwanakheri kwa maji ya asumini, wakamsinga mwili kwa liwa yenye manukato, wakamfukiza udi, wakamfunga shanga mpya. Kisha Bi Mize akaukunja msala wake, akautia juu ya kabati.

"Mbona unauondoa?" Mwanakheri akauliza.

"Umo hedhini, mwari wangu. Mwenye hedhi hasali. Hilo nalo nikufunde upya?"

"Lakini damu ina ukomo wake," Mwanakheri akasema. "Ndivyo tulivyosomeshwa kwenye chuo cha Kurani. Ikipita siku zake, si hedhi tena, ni damu ya maradhi. Mwenye nayo anaoga, anajifunga kitambaa, anatawadha, anasali kama watu wengine."

"Kweli kabisa," Bi Mize akasema, akitabasamu kwa meno yaliyokuwa yakimwota. "Ikipita siku zake. Na siku ngapi zimepita?"

Mwanakheri akatazama nje. Kivuli cha mtungi kilikuwa kwenye ufa.

"Hata moja," akasema.

Ndipo alipoelewa namna alivyofungwa. Waliomfunga walikuwa wakimpenda, na kifungo chenyewe kilikuwa na harufu ya asumini. Maadamu siku haikupita, damu ilikuwa ujana. Maadamu damu ilikuwa ujana, siku haikupita. Naye alikuwa akipungua. Alijiona kwenye kioo akiwa na uso wa msichana, na chini ya uso ule mashavu yakiingia ndani. Wenzake walipata ujana wakanenepa. Yeye peke yake aliupata ujana akakonda, kama mshumaa ambao watu huusifu kwa mwanga wake.

*Na bado, ya Rabbi, sisemi. Unajua kwa nini sisemi.*

*Kwa sababu amerudi.*

Maana Vuai, mumewe, alikuwa amelibeba godoro lake kutoka ukumbini. Aliingia chumbani kwa aibu, ameshika kikuba, kishada kidogo cha asumini, kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe anayemjua. Wote wawili walicheka wakitazama sakafu. Alimwekea mkono begani. Ulikuwa mzito, kama alivyoukumbuka. Mwanakheri alifikiri: kwa mkono huu mtu anaweza kukubali kufa, na akaliogopa wazo lile, kwa sababu halikuwa fumbo.

Walipokutana alihisi maumivu kama kisu. Akauma upindo wa mto.

"Nimekuumiza?" Vuai akauliza.

"Hapana."

"Kheri. Nimekuumiza?"

"Nimesema hapana, bwana. Ni ugeni tu."

Makungwi walimfunda mengi zamani: namna ya kupokea, namna ya kushukuru, namna ya kuitika. Hawakumfunda neno la kusema hapa panauma. Kuna methali aliyoisikia tangu utoto, kwamba mficha uchi hazai, na kwa methali hiyo wasichana walihimizwa waseme, wajieleze, wasione haya, ili wazae. Methali haikusema asiyezaa tena amwambie nani. Ilimfikisha hadi mlango wa utu uzima, ikamwacha hapo ikarudi kuchukua wengine.

Siku moja, ambayo ilikuwa siku ile ile, Mwanakheri aliamka akasikia maji uani. Alichungulia. Vuai alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, mikono ya shati ameikunja, anafua shuka. Mwanamume aliyekuwa hajawahi kufua leso yake. Alisugua, akakamua, akaitazama, akasugua tena. Maji yalikuwa mekundu.

"Wafanya nini?" akamuuliza.

Vuai hakugeuka. "Sikutaka wenzako waione. Wangepiga vigelegele."

Mwanakheri akakaa kwenye kizingiti. 

"Mimi nimeoa ujana wako mara moja," Vuai akasema. "Naujua ulivyokuwa. Haukuwa ukiuma mto."

"Ulijua?"

"Meno yamebaki kwenye foronya, mke wangu."

Mwanakheri alitaka kucheka, akashindwa, akajifunika uso kwa kanga. Kisha akasema kutoka ndani ya kanga, kwa sababu huko ilikuwa rahisi: "Inauma, Vuai. Iliuma hata kabla ya damu. Nadhani nina jambo kubwa. Nadhani ninakufa, na kila mtu ananishangilia."

"Basi sema."

"Nikisema, jua litasogea. Watanivua shanga. Utarudi ukumbini."

"Nani kasema nitarudi?"

"Mji."

Vuai aliitundika shuka kwenye kamba, ambako haikuwa na matumaini ya kukauka. Akaja akakaa kizingitini, bega kwa bega na mkewe. Alizungumza akiitazama ile shuka.

"Mimi mji haukunihamisha. Sukari ilikuwa imeshanimaliza nguvu kabla makungwi hawajafika. Nikaona haya kukwambia. Walipokuja kukuvua, nikasema alhamdulillahi, ada imenifunika. Nikabeba godoro kama mtu anayetii." Akakung'uta maji mikononi. "Jua likisogea, na mimi nitarudi vile vile. Hilo ulijue."

"Sasa ukirudi vile vile, chumbani utakuja kufanya nini?"

"Kulala," Vuai akasema. "Kulala tu. Ukumbini kuna baridi, na mgongo wako una joto."

Mtu anaweza kuishi miaka mingi akidhani amefukuzwa kwenye nyumba, kumbe mwenzake naye yuko nje upande wa pili wa ukuta ule ule, akidhani hivyo hivyo. Mwanakheri aliliwaza hilo kwa muda mrefu. Alimwomba Mungu ampe neno. Hakupewa neno. Alipewa miguu, akainuka.

Uani kwa Bi Mize karamu ilikuwa haijakatika. Ngoma ya ndani ilikuwa inalia, na wanawake waliokuwa wakongwe walikuwa wakicheza kwa viuno walivyovisahau.

"Mwenzenu mie," Bi Riziki alikuwa akisema, ameshika mbavu kwa kicheko, "mzee wangu karudi kijana kunipita, kaniamkia shikamoo! Kanidhania mama wa mwenye nyumba! Nikamwambia, marahaba, mwanangu, ingia ndani ule. Kaingia!"

"Na akala?" mwingine akauliza.

"Kala, kalamba na sahani!"

Wakaangua kicheko. Ndipo walipomwona Mwanakheri amesimama mlangoni. Wakampigia vigelegele, wakampisha katikati. Hakucheza.

"Bi Mize," akasema. "Hii damu si ujana. Inaniuma. Nataka kwenda Nyumba ya Kuulizwa."

Ngoma ilinyamaza mkono mmoja baada ya mwingine.

"Mwari wangu amechoka," Bi Mize akawaambia watu. "Mleteeni maji."

"Sitaki maji, Bi Mize. Ninaumwa."

"Wenda kumwonyesha nani huko? Mtu mzima, bibi wa watu, ukapanue miguu mbele ya kijana wa watu? Huoni haya?"

"Naona. Nitakwenda nayo hiyo haya."

"Je, ukisema ni maradhi, sisi tutakuwaje?" Bi Riziki akauliza. Hakuwa na mzaha tena. "Hebu nitazame, Mwanakheri. Nilikuwa nikitambaa kwenda msalani. Utanirudisha kutambaa?"

Mwanakheri akaitazama miguu ya Bi Riziki, iliyokuwa imesimama imara bila mkongojo. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko maumivu. Wale hawakuwa maadui. Kila mmoja alikuwa na maumivu yake aliyokatazwa kuyasema, na hii ilikuwa mara ya kwanza wamepata nafuu, na nafuu yao ilikuwa inatoka mwilini mwake. Kama angekuwa na damu ya kutosha wote, huenda angeendelea kunyamaza. Lakini Mungu alimpa ya kumtosha mtu mmoja.

Bi Mize akamsogelea karibu, akamshika mikono. Sauti ilikuwa ya chini, ya watu wawili. "Mwari wangu. Kidogo tu. Unajua miaka mingapi sijasujudu nikainuka mwenyewe? Nivumilie. Nilikufunda nini mimi? Mwanamke ni nini?"

"Ulinifunda mwanamke ni kuvumilia."

"Basi?"

"Nimevumilia, Bi Mize. Nimemaliza."

Akajipapasa kiunoni. Hakungoja avuliwe. Alizifungua shanga kwa mkono wake, akamwekea Bi Mize kiganjani, akaufunga mkono ule juu yake. Akasema, si kwa kelele, lakini mji mzima ulisikia: "Siku zimepita. Nyingi. Mmezihesabu wenyewe kwa shibe zenu."

Kivuli cha mtungi kikaacha ufa.

Hakikwenda polepole. Kilikimbia, kama mtoto aliyezuiwa ndani mchana kutwa. Jua likapanda likafika utosini, na juu ya ngazi mwadhini akapata pumzi yake. Mvi zikashuka vichwani kama unga. Magoti ya Bi Mize yakalia, akashuka chini taratibu, na hakuna aliyewahi kumshika isipokuwa Mwanakheri.

"Usinishike," Bi Mize akasema.

Akamshika. Akamkalisha kwenye kigoda. Bi Mize aligeuza uso, asimtazame. Mwanakheri akaenda kuoga, akajifunga kitambaa, akatawadha, akaushusha msala wake kutoka juu ya kabati na kusali adhuhuri. Alipotoa salamu kulia na kushoto alijua kwamba sala ile imeshasema kwa mji maneno yote: hii ni damu ya maradhi, na mwenye nayo ni mtu mzima, kuanzia utosini hadi unyayoni.

Nyumba ya Kuulizwa haikuwa mbali. Ilionekana mbali kwa sababu njia yake ilipita mbele ya milango yote. Vuai alitembea kando yake kwa hatua za mzee. Watu wengine walifunga madirisha. Mmoja alitema mate, kisha akaona haya, akayafukia kwa kandambili.

Muuguzi alikuwa yule yule, amezeeka kidogo au amekuwa kijana kidogo. Kwenye nyumba ile ilikuwa vigumu kujua.

"Karibu, mama. Kaa. Nitakuuliza maswali, na yote ni ya kawaida. Damu imeanza lini?"

Mwanakheri akajibu.

"Unapokutana na mumeo, huumia?"

Mwanakheri alimtazama kuhakikisha ni yeye aliyeulizwa. Nyuma ya pazia Vuai alikohoa. "Mimi?" Mwanakheri akasema. "Waniuliza mimi hayo? Na umri huu?"

"Wewe, mama. Ndiyo."

"Huumia," akasema. "Sana."

"Na usingizi? Na moyo wako, ukoje?"

Hapo alilia. Muuguzi hakumwambia asome uradi, wala hakumwambia ndio utu uzima. Alimngoja. Alipotulia, akamsaidia kupanda kitandani, akamfunika shuka safi magotini.

"Sasa sikiliza, mama. Siwezi kukuahidi nitakachokuta. Kikiwa kidogo tutakitibu hapa. Kikiwa kikubwa, kuna mahali pa kukupeleka, na nitakwenda nawe. Nitakugusa taratibu. Nikifika panapouma, usinyamaze. Mimi sioni humo ndani kama unavyohisi wewe. Nataka unielekeze."

Mwanakheri akafumba macho. Dari ilikuwa nyeupe, na hata alipofumba bado ilikuwa nyeupe. Alisema bismillahi. Mkono ulikuwa wa baridi kwanza, kisha haukuwa wa baridi. Ulipita upande wa kulia, ukauliza, akatikisa kichwa. Ukapita juu, ukauliza, akatikisa kichwa. Ukashuka katikati.

Maumivu yakampanda hadi kooni, yakakuta mlango ambao siku zote alikuwa akiufunga.

"Hapo," Mwanakheri akasema.

"Hapa?"

"Hapo. Hapo hapo, mwanangu. Panauma hapo."